Hesabu ya Ukutani

Jikoni kwetu Champhai, milimani Mizoramu,
kabla sufuria haijakaa motoni,
mama yangu Darhmingi alichota konzi moja ya mchele
akaitia katika kopo la kanisa.
Asubuhi konzi, jioni konzi,
kisha mstari mmoja wa mkaa ukutani.
Miaka arobaini na mmoja.
Mistari ilipita dirisha, ikazunguka nyuma ya kabati;
mmoja ni wa siku niliyotoroka,
mwingine wa siku niliyorudi na deni na mimba.
"Siku ile," alizoea kusema, "nitaulizwa.
Sitasimama mikono mitupu."
Nami, nisiye na hata mstari,
nilikula nimeinama.

Mwezi wa mavuno kiharusi kikamshika upande wa kulia.
Mkono uleule. Ukajifunga konzi
isiyo na kitu ndani,
na daktari wa Aizawl hakuweza kuifungua.
Nikamlisha kwa kijiko. Akafumba mdomo.
"Sijakifanyia kazi," alisema, maneno yakimchuruzika pembeni.
"Na kuzaliwa, ulikufanyia kazi gani?" nikamuuliza,
nikajuta, maana ulikuwa ukali, si hekima.

Jumamosi akaja Rokungi na gunia lake,
akikusanya nyumba kwa nyumba.
Kopo letu lilikuwa kavu.
Mama akageukia ukuta, akalia kama mdaiwa.
Nilidhani Rokungi atasoma aya,
atatupa ile pole ya kanisani.
Hakusema neno. Alifungua gunia,
mchele wa watu wote, wa wajane, wa mlevi wa kona ya pili,
mwekundu na mweupe umechanganyika,
akachota, akamimina sufuriani mwetu.
Akafunga kamba. Alikuwa na nyumba nyingine kumi na nne.

Neno neema nimelisikia kila Jumapili tangu utoto;
sikujua kuwa lina harufu ya moshi
na kokoto mbili za kutema.
Mama alikula. Alikula polepole, akinitazama
kana kwamba ndiyo kwanza tunajuana,
walishwaji wawili, sufuria moja.

Asubuhi, kwa mkono wa kushoto usiojua kazi,
alichota mchele, ukamwagika njiani,
zikafika koponi punje kumi, labda ishirini.
Sikuhesabu.
Naye hakuniomba mkaa.