Na. 47

Nikiulizwa ninakaa wapi najibu Gerezani,
na mgeni akicheka namwacha acheke,
kwani jina la mtaa halina kosa.
Hapa ndipo mama mzaa bibi yangu alipobaki
siku alipoambiwa, "Nenda,"
asijue kwenda ni upande gani.

Aliitwa Nahaule.
Kwao Ungoni "Na" ni binti wa ukoo,
ni kumwinua mtu kabla hujamtaja.
Huku mjini "Na." ni kifupi cha nambari.
Karani wa boma aliuacha ukoo nje, juani,
akaandika: 47.

Kosa: wizi wa mahindi, kapu moja.
Hakuandika nani aliyalima.
Hakuandika kwamba ghala lilikuwa lake,
na kapu lake,
na kwamba mtoto aliyekuwa akililia uji
hakuingoja hukumu.
Miaka mitatu. Pwani.

Wanawake hawachapwi hamsa ishirini, sheria ilisema.
Sheria haikusema neno juu ya kamba.
Kumi na mmoja, shingo kwa shingo, hadi Kilwa;
mmoja akikohoa, wote wanainama.
Walipanda meli tisa.
Wale wawili hakuwahi kuwasimulia.

Dar es Salaam aliifahamu kwa utosi kwanza:
mawe ya matumbawe, karai la chokaa,
maji ya kumwagilia miche ya kivuli
kwenye barabara ambayo yeye
alikatazwa kusimama kivulini.
Labda mti mmoja bado upo. Sijui ni upi.
Kwa hiyo nikipita kule naiamkia yote.

Kiswahili alikianzia kwenye amri.
Simama. Beba. Haraka. Nyamaza.
Hicho hicho akamlea nacho mwanawe,
mwanawe akamlea nacho mama,
mama akanibembelezea.
Hata leo nikimwambia mtu, "Simama hapa nikutazame,"
najua neno hilo lilikotoka,
na vidole vingapi vimelifua.

Bahari hakuiogopa. Ilimuudhi.
Asubuhi ya kwanza alionja kiganja, akakasirika:
kwao chumvi ilinunuliwa kwa jembe,
watu waliifuata mwendo wa siku nyingi,
na hapa inajibamiza kwenye mawe, inamwagika,
hakuna hata anayeinama!
Akaanza kuipika. Chungu cha gereza, usiku,
kuni za kuiba (wizi huo aliukubali),
chembe kwa chembe,
akaifunga kwenye pindo la kaniki.
Ya kupeleka nyumbani.

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake ya miaka.
Fundo likaanza kama punje. Likaisha kama ngumi.

Walipomfungulia, njia yote ya kusini ilikuwa njaa,
na waliotoka huko walitaja vijiji
kama mtu anavyotaja marehemu.
Akakaa. Akawapikia uji wapagazi wa bandarini.
Akaolewa na Mzaramo mmoja mpole, Kondo,
ambaye hakumuuliza kitu
mpaka mwenyewe alipotaka kusema.
Fundo hakulifungua,
hata siku mchuzi ulipokuwa chapwa.

Sasa liko kwangu, ndani ya kopo la maziwa,
limegeuka jiwe, rangi ya jino.
Dukani pakiti ya chumvi ni bei ya pipi, najua.
Juzi nimekata tiketi ya basi, Songea, kiti cha dirishani,
safari ya siku moja tu,
siku moja!
Akina Haule kule ni wengi kama nywele.
Nikishuka stendi na kopo langu mkononi
nitampa nani, na nitasema nini?
Shikamoo. Samahani, tumechelewa.
Mzigo wenu huu.