Swali la Kumi na Nne

Jumapili usiku, Southfield, umeme umekatika,
nasahihisha kwa taa ya simu.
Swali la kumi na nne: mkulima wa nyanda kavu
ahifadhije maji shambani?
Mwongozo wangu, niliouandika mwenyewe,
unasema: mabomba ya matone. Alama mbili.

Watoto ishirini na saba kati ya thelathini na mmoja
wameandika: nyasi.

Nyasi za ginea, Mwalimu, zilizokaukia juani,
zitandazwe nene juu ya udongo mwekundu
kabla kitunguu hakijatoa jani la pili.
Kemar Ebanks amechora hata mkono wa baba yake
unavyopima unene: kiganja kimoja, na kidole gumba.

Sifuri, sifuri, sifuri.
Kalamu ilipofika kwa Kemar ikagoma.
Mabomba hayo nami nimeyaona kitabuni tu,
na mara moja Kingston, kwenye maonyesho.
Basi nilikuwa napima nini?
Nani ana kitabu kipya, nani hana.
Mizani niliyoiita ya kilimo, kumbe ya duka la vitabu.

Jumatatu nikawatoa nje. Kila mmoja na tuta lake,
ndoo moja ya maji, siku tisa.
Ya kumi nikamwita Bwana Swaby wa useremala
tusahihishe pamoja, kila mtu na karatasi yake,
bila kuchunguliana.
Tuta lile lile: mimi tisa, yeye nne.
"Halijanyooka," akasema.
Jicho la seremala! Nikacheka, kisha nikaacha,
maana popote sikuwa nimeandika "zuri" ni lipi.

Tukakaa ukingoni mwa tangi, tukaandika:
chomeka kidole hadi kifundo cha pili;
kikitoka na udongo ulioshikana, alama tatu.
Hesabu miche iliyosimama. Unyoofu wa mstari, achana nao.
Muulize mwenye tuta: kwa nini hapa, si pale?
Usikilize mpaka mwisho.
Safari ya pili: mimi saba, yeye saba; kwingine saba kwa sita.
Tukapeana mikono kama watu waliouziana ng'ombe.

Limebaki tuta la Tashoya Bromfield.
Nyasi zake zililiwa na mbuzi wa jirani usiku wa saba;
udongo umepasuka, miche imelala.
Kidole changu kimetoka kikavu.
Tashoya amesimama, mikono nyuma,
anangoja nimwambie kama nampima yeye
au mbuzi.