Usinunue

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Mimi nilikitembeza mwaka mzima:
mashine ya kunyonya unyevu, nyeupe,
kimo cha mtoto anayesimama dede.
Nikaipigia vigelegele katika kila simu ya Middlesbrough:
Haina mfano! Wahi kabla hazijaisha!
Chini yake kiungo changu, kirefu kama mkia wa tiara,
na asilimia sita kwa kila atakayenunua kupitia kwangu.
Mwaka mzima, mashine moja.
Pauni nane na ushei.
Mnunuzi alikuwa binamu yangu.

Ndipo usiku mmoja wa Novemba,
nimetoka zamu ya kufunga vifurushi, vidole vina ganzi,
hasira ikaandika badala yangu:

Usinunue.
Inanguruma kama mtu mwenye mafua.
Tangi lake dogo, utalimwaga mara mbili kwa siku.
Inakula umeme.
Kama ukuta wako haujaota weusi, hii si yako. Pita.

Nikalala.
Asubuhi watu kumi na wanne walikuwa wamenunua.

Kumbe mlango ukiurudishia nusu
kila mpita njia hushikwa na kiu ya kujua kilichomo.
Nikajifunza ufundi wa kurudi kinyumenyume:
kutaja kilema kwanza, ili sifa ije na uso wa shahidi;
kuandika "lala ufikirie, sina haraka"
kwa kidole kinachotetemeka kwa haraka;
kumwambia mtu "pengine huhitaji"
na kumsikia, maili tatu kutoka hapa, akibisha.
Kibaya changu kiliacha kutembea.
Kikaketi kibarazani, kimekunja nne,
kikisema: msinisogelee.
Wakapanga foleni.

Na sikudanganya. Hapo ndipo paninyimapo usingizi.
Inanguruma kweli. Tangi ni dogo kweli.
Kila neno lilikuwa kweli
na kila kweli ilikuwa na ndoana tumboni.

Halafu akaja Mama Nabintu wa nyumba ya pili,
mama wa mapacha wanaokohoa kwa zamu,
simu mkononi, ujumbe wangu umefunguka.
"Ni wewe uliyeandika haya?"

Nyumba yake naijua.
Mfereji wa paa umepasuka juu ya dirisha la watoto,
maji yanateremka ndani ya ukuta tangu Pasaka,
na Bwana Hesketh, mwenye nyumba,
hujibu kila barua kwa maneno mawili: fungueni madirisha.
Hakuna mashine itakayoimaliza mvua ile.

Nikamwambia: Mama, usinunue.
Akatabasamu.
Nikamwambia: hapana, safari hii nasema usinunue.
Akavuta kiti.
Nikamwambia pesa hiyo ni ya makoti ya wanao.
Nikamwambia nina fungu langu katika kila mashine,
nikamfungulia hesabu, peni kwa peni,
aibu yangu yote imeanikwa mezani kama dagaa.
Akanishika mkono.
"Muuzaji mkweli namna hii," akasema,
"nimemtafuta nchi tatu."

Nikatafuta neno la kumzuia.
Nilikuwa nimeshaliuza.

Pauni nane na ushei
ziliandikwa kwa jina langu kabla hajavuka barabara.

Jumamosi nikaazima ngazi kwa kinyozi wa Linthorpe Road,
nikanunua gundi ya mabomba, ya pauni tisa.
Mferejini: majani yaliyooza, manyoya ya shakwe,
mpira wa tenisi wa mtoto ambaye sasa huenda ana ndevu.
Mvua ikaanza kunidondokea kisogoni.
Chini, Mama Nabintu ameishikilia ngazi kwa mikono miwili.
"Shuka, unalowa! Usijisumbue!
Mashine imekuja, inafanya kazi!"
Nikaisikia kupitia kioo,
ikinguruma kama mtu mwenye mafua,
na mapacha wakikohoa juu ya sauti yake.
"Usijisumbue!" akarudia.

Nikapanda kipago kingine.