Milimita Tisa

Jumanne Ceinwen alikuja na mashine ya kunyolea,
akanyoa kila shingo mabaka mawili, kadiri ya sarafu,
moja juu, jingine chini.
Juu akadunga dawa ya kijidudu cha ndege,
chini ile ya kijidudu cha ng'ombe,
apate kulinganisha uvimbe na uvimbe.
Namba za masikioni aliziandika kwa penseli;
mvua ya Wales haingoji wino ukauke.
"Ijumaa," akasema, akasugua buti kwa brashi na dawa
hata kwenye kisigino ambako hapakuwa na tope.

Ngozi husema kweli, lakini hutaka siku tatu.
Siku tatu Idwal anakula wima.
Siku tatu simu ikilia tunatazamana.
Mimi nahesabu: mia na kumi na wanne,
narudia, napata mia na kumi na watatu,
nimemsahau Seren aliyejilaza nyuma ya marobota ya nyasi.

Huu si ugonjwa wa pupa.
Huingia kwa pumzi, hupanga chumba pafuni,
hukaa kimya kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba,
na ng'ombe hunenepa, hutoa maziwa, hung'aa.
Bibi yake Idwal alizikwa nao, enzi za maziwa mabichi;
kaburi lake sasa lasomeka kwa vidole tu.

Kwa Hefin, ng'ambo ya mto, walipakiwa thelathini na mmoja.
Lori lilipoondoka aliosha banda,
akaliosha tena kesho yake, na keshokutwa.
Hakuna aliyemwamuru.

"Ni yule wa usiku," asema Idwal,
"mwenye uso wa mistari, binamu wa nyegere.
Anakojoa malishoni, anaramba chumvi ya ng'ombe."
Huenda.
Simjibu. Nakumbuka mnada wa Machi,
mtamba mweusi, bei ya kutupa,
na sahihi iliyo chini ya karatasi ni yangu.
Rahisi ghali: neno hili nalijua tangu utoto,
siku ile mkono haukulijua.

Ijumaa. Chuma cha kubania kinagonga, kinafunga, kinagonga.
Ceinwen anabana ngozi kwa koleo la kupimia,
anasoma, ninaandika.
Sifuri, moja. Sifuri, sifuri.
Mtamba mweusi: moja juu, moja chini. Apite.
Nilishusha pumzi, nikaionea haya.
Kisha Mwyaren,
niliyemlea kwa chupa jikoni theluji ilipoziba mlango,
mwenye mimba ya miezi saba:
juu mbili,
chini tisa.
Ceinwen akapima tena. Tisa.
Mkono wake ukabaki shingoni muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Tangu hapo hakiuzwi kitu chenye kwato, hakinunuliwi.
Hori za maji tumeziinua, mnyama mfupi asifikie.
Ua wa pili umesimama hatua nne kutoka ule wa kwanza,
pua zetu na pua za jirani zisiamkiane.
Siku sitini, kisha sindano. Kisha sitini nyingine.
Chupa ya Mwyaren iko bado juu ya kabati.
Naipangusa vumbi, sijui kwa nini.

Na jioni nabeba ndoo ya karanga
hadi kwenye mashimo ya msituni,
nazimimina ndani ya vizimba vya waya.
Idwal hataki kuja. Asema siwezi kumwalika mezani
aliyenila.
Nami sijui kama ndiye.

Jana alfajiri alikuwamo mmoja, mnene, amelala fofofo,
makombo ya karanga kidevuni.
Kijana wa chanjo akamdunga pajani kupitia waya,
akamnyoa baka mgongoni, kadiri ya sarafu,
tujue kwamba huyu tayari.

Mlango ukafunguliwa. Hakukimbia.
Aliitazama ndoo.