Kiporo cha Barisal

Siku ya nne, kuhara kumekoma.
Daktari anasema: amepona.
Lakini Morjina anakijua kitumbo cha Tuhin,
kinavuma kama nyumba iliyohamwa.

Wapangaji wema, wadogo kuliko vumbi,
waliomsagia wali, waliolinda mlango,
wamesombwa na gharika ile ile
iliyomtoa mwizi.
Sasa vyumba vi wazi,
na wa kwanza kuingia si lazima awe mwema.

Analoweka wali usiku. Chumvi, kitunguu.
Asubuhi kiporo kimechacha kidogo.
"Kula, baba. Kijiko kimoja."
Tuhin anakunja uso.
Anameza.

Nje, mto Kirtankhola umeshuka, umeacha matope.
Jirani mmoja amerudi, anafagia kizingiti;
wengine, hakuna ajuaye.