Tawi la Nne Nukta Mbili

Wenzangu wako toleo la saba.
Huko kuna vivuli, vitufe vinavyokonyeza,
na kila wiki jambo jipya la kushangilia.
Mimi nimebaki na tawi la nne nukta mbili,
chumba cha kupanga Mabatini, nyuma ya jiwe
kubwa kuliko nyumba yenyewe,
na betri ya kunipa saa mbili umeme ukikatika.

Hakuna aliyenituma. Msimbo ni wa wote,
na cha wote, wajua, hakina mfagiaji
mpaka mtu aone aibu akashika ufagio.
Nilishika mwaka ule Bituro alipopata kazi Nairobi,
akaniachia nywila, orodha ya zahanati thelathini na moja,
na neno moja la kuagana:
Usiwape kizuri zaidi. Wape kilekile.

Kilekile.
Mnajua ugumu wake?
Hitilafu inarekebishwa kule juu, kwenye tawi kuu,
mistari mia mbili, safi, imenyooka kama reli.
Nami nachambua kama anayechambua dagaa kwa tochi:
huu mstari ni dawa, huu ni pambo,
huu unategemea kitu ambacho kwetu hakijazaliwa.
Nabakiza tisa. Najaribu. Inakataa.
Nabakiza kumi na mmoja.
Mvua ya ziwani inapiga bati
hadi sisikii feni ya kompyuta ikilalamika.

Kuna kijana, Lugendo, hodari kweli,
aliniletea grafu za rangi za friji za chanjo.
Nikamjibu: hapana, peleka toleo la nane.
Akauliza kama mimi ni mzee.
Nina miaka thelathini na nne.

Sikumweleza habari ya Mei.
Mei ile nilichoshwa na kilekile.
Nikapanga upya namna tarehe zinavyohifadhiwa,
kazi ya usiku mmoja, nzuri mno,
nikaisoma mara tatu kwa raha tu,
nikaiita kiraka, nikaiachia iende: 4.2.9.
Asubuhi, huko Ukara, muuguzi Nyanjige Mafwele
akawasha mashine yake, kibodi imefutika herufi M,
na watoto arobaini na watatu aliowachanja Jumatatu
wakawa hawajazaliwa bado.

Hakunitukana. Alipanda juu ya mawe penye mtandao,
akanipigia, upepo ukimla maneno,
akasema: "Jana ilikuwa inafanya kazi."
Basi.
Alikuwa keshawaandika wote upya kwa kalamu,
kwenye daftari la hesabu la mwanawe.

Nimelaumiwa kwa mengi, na kwa lugha kali kuliko hiyo.
Hii ndiyo iliyonikalia kifuani.
Haikudai maajabu. Ilidai jana.

4.2.10 ilitoka saa saba mchana.
Ilirudisha kila kitu mahali pake
na haikuongeza hata koma.
Ndiyo kazi yangu bora mpaka leo,
na ukiitazama hutaona chochote.

Sasa wanataka nitangaze tarehe ya mwisho.
Ni haki. Tawi halitunzwi milele,
na mimi pia nina mama Magu, nina deni, nina usingizi.
Tangazo nimeliandika mara nne, nimelifuta mara nne.
Zahanati ishirini na sita zimeshahama,
nne zinangoja mashine walizoahidiwa tangu bajeti ya juzi.
Ya Ukara imejibu kwa ujumbe mfupi:
iko sawa, tafadhali msiiguse.

Siigusi.
Isipokuwa usiku huu, maana kuna ufa
mahali inapopokea jina refu, na mtu mbaya
anaweza kupitisha mkono.
Kule juu wameuziba kwa faili tatu mpya.
Hapa patatosha mistari sita, labda saba.

Umeme umekatika.
Nina saa mbili.