Duara katika Shayiri

Ukame ndio uliosema kwanza.
Wiki ya saba bila mvua, huko Shropshire,
shayiri ya Emrys Tranter ikakauka, ikawa rangi ya mkate,
isipokuwa pale chini ya mteremko
palipobaki duara la kijani, pana kama zizi,
na mstari ulionyooka ukilikata katikati
kama mwalimu aliyekataa jibu.

Sisi ambao shayiri na shairi kwetu vinapishana kwa herufi moja
tulipaswa kujua: mimea huandika.
Palipochimbwa zamani, unyevu hukaa,
na mizizi hushuka kuuliza.

Tulifika Jumanne, watu wanne, kuiwahi kombaini.
Daktari Hester Mabbott akaamuru tuvue chuma chote:
mikanda, funguo, buti zenye ncha ngumu,
"na sidiria zenye waya," akaongeza.
Callum, mwanafunzi, akawa mwekundu hadi masikioni.
Nikaibeba mashine ya kupima usumaku mbele yangu
kama mwenye kupeleka posa,
mita kwa mita, nikienda na kurudi.

Tranter alisimama langoni, mikono mfukoni.
Akaniuliza kama kwetu pia tunafukua nyumba za marehemu.
Nikamwambia kwetu Machame mipaka ni masale,
na kesi ya baba na jirani, juu ya hatua tatu za ardhi,
ilichukua miaka kumi na mmoja.
"Nani alishinda?"
"Wakili."
Ndipo akacheka.
Hofu yake niliielewa:
wanaoliita shamba lako urithi wa taifa
hawajawahi kulinunulia dizeli.

Alhamisi tukafungua handaki.
Mstari ulionyooka ukajisalimisha mapema:
mabomba ya udongo wa kuchoma, moja nyuma ya jingine,
yamekabana midomo.
"Babu," akasema Tranter. "Babu ndiye aliyeyalaza.
Alisema shamba hili lina miguu baridi."
Callum akaachia pumzi. Bomba!
Hester akaandika: mfereji, karne iliyopita,
akageuza ukurasa.

Nililipangusa moja, kwa mazoea tu,
na ubavuni mwake nikakuta kidole gumba
kilichobonyea kabla ya tanuri,
mistari yake yote ingalipo.
Nikaweka changu. Hakikuenea.
Alikuwa mtoto, labda, au msichana
aliyelipwa kwa kila mabomba mia.
Tranter akalipokea kwa mikono miwili
kama mwanamume aliyepewa kichanga
bila kuonyeshwa pa kushika shingo.

Na duara?
Duara lilikuwa doa.
Udongo mweusi ndani ya udongo mwekundu,
mashimo sita, kila moja upana wa sinia,
yaliyoshika nguzo zilizooza
hadi likabaki umbo lao, limejaa giza.
Hakuna kigae, hakuna shanga, hakuna mfupa.
Kipande cha mkaa, kadiri ya punje ya kunde,
tulikifunga kama dhahabu, kikaenda maabara.
Nyumba, au zizi.
Watu, au kondoo wa watu.
Wenzangu walipokwenda kunywa chai
nikalizunguka, nikitafuta upande wa mlango,
nikasema hodi, kwa sauti ndogo,
kisha nikaona haya kwa kusubiri jibu.

Ijumaa mvua ikaja, imechelewa, haina radhi.
Tukafukia.
Ripoti inasema: *pengine makazi; umri haujathibitika.*
Mkaa ule ulikuwa mdogo mno kusema lolote.

Bomba la kidole liko dirishani jikoni kwa Tranter,
limesimama, limejazwa penseli.
Pengo lake huko chini aliliziba kwa la plastiki,
la buluu, lenye chapa ya duka.
"Atakayechimba baada yetu," alisema akijifuta matope,
"naye apate la kumsumbua."